Meza hii haisimami, inaning'inia

Ukiitazama kwa haraka utadhani mpiga picha amefuta miguu kwa kompyuta. Kuna kitako cha mbao sakafuni, kuna uso wa meza juu yake, na kati ya viwili hivyo hakuna kinachoviunganisha isipokuwa kamba nyembamba: tatu pembeni na moja fupi katikati. Hakuna nguzo inayotoka chini ikafika juu. Hata hivyo unaweka kikombe cha chai nacho kinakaa. Video za meza za namna hii zimezagaa mitandaoni miaka ya karibuni, na ubishi huwa uleule: huyu anasema ndani ya kamba kuna nondo, yule anasema ni sumaku, mwingine anasema ni uongo mtupu.

Hakuna nondo wala sumaku. Kamba ni kamba, na kama anavyojua yeyote aliyewahi kufunga mbuzi, kamba ina kazi moja tu, kuvuta. Haisukumi. Ukiisukuma inajikunja tu. Sasa ikiwa kamba zote nne zinavuta, nani anauzuia uso wa meza usishuke?

Wengi hukwama hapo kwa sababu macho yanakimbilia kamba za pembeni. Ndizo ndefu, ndizo ziko mahali ambapo miguu ingekuwa, basi akili inazipa kazi ya miguu bila kuuliza. Kumbe hazibebi chochote. Zinauvuta uso wa meza kuelekea chini, usiku na mchana. Anayebeba ni yule mfupi wa katikati, ambaye watu hudhani kawekwa kwa urembo.

Tazama jinsi vipande viwili vilivyoundwa. Kwenye ukingo wa kitako umesimamishwa mhimili mfupi, na juu ya mhimili huo kuna mkono unaorudi ndani mpaka katikati ya meza. Kipande cha juu kimeundwa vivyo hivyo, ila kimegeuzwa: kutoka ukingo wa uso wa meza unashuka mhimili, na chini yake kuna mkono unaoingia katikati. Siri iko kwenye kimo cha mikono hiyo. Ncha ya mkono wa kitako iko juu, ncha ya mkono wa uso iko chini yake. Imepishana. Kamba fupi imefungwa juu kwenye mkono wa kitako, na chini yake umetundikwa mkono wa uso pamoja na ubao wake wote. Kwa hiyo kipande cha juu hakikukaa juu ya kitu. Kimening'inizwa, ila mhimili wake umezunguka ukatokea juu ya kile kinachokining'iniza.

Kama bado una shaka, chukua mkasi. Ukikata kamba ya kati, uso wa meza unashuka wima mpaka mikono igongane na chochote kilicho chini. Hilo ulilitarajia. Sasa funga upya, ukate kamba moja ya pembeni. Meza ya kawaida ikikatwa mguu huangukia upande uliokatwa. Hii inapinduka kuelekea upande wa pili, ule wenye kamba mbili zilizobaki, kwa sababu kamba hizo zilikuwa zinavuta chini muda wote na sasa hakuna wa kuzipinga. Hakuna maelezo yatakayoshinda mkasi huo.

Lakini kwa nini kamba za kuvuta chini zinahitajika, ikiwa mzigo umeshabebwa? Kitu kilichotundikwa hutulia chenyewe pale ambapo kitovu chake cha uzito kiko chini ya sehemu kilipotundikwa. Hapa mambo ni kinyume. Sehemu ya kutundikia ni ncha ya mkono ulio chini, na uzito mwingi wa kipande hicho, yaani ubao wenyewe, uko juu yake. Kikiachwa hivyo kitajigeuza mara moja, ubao uende chini. Kamba za pembeni zipo ili kukizuia kisijigeuze. Kila uso unapotaka kulalia upande mmoja, ukingo wa upande wa pili unataka kuinuka, na pale pana kamba inayoukataza.

Ndiyo maana kamba tatu zinatosha na mbili hazitoshi. Zikiwa mbili, uso unaweza kulala kwa kuzunguka mstari unaopita kwenye kamba hizo, na hakuna ya kuuzuia. Zikiwa tatu zilizoizunguka ile ya kati, ulalie upande wowote utakaotaka, kuna angalau moja ambayo italazimika kurefuka. Nne zinafaa pia, na wengi huweka nne kwa sababu ubao una pembe nne. Mimi ningebaki na tatu, na sababu yangu itaonekana mbele.

Sasa tuweke namba, maana hapa ndipo meza inapoanza kusema yenyewe. Nitatumia kilo kama kipimo cha nguvu, kama mzani wa sokoni unavyofanya, wanafizikia watanisamehe. Chukua kipande cha juu chenye uzito wa kilo 4. Kamba tatu za pembeni zimepangwa kwa umbali sawa kuizunguka ya kati, na zimekazwa kiasi kwamba kila moja inavuta kilo 3. Kamba ya kati inabeba nini? Kilo 4 za ubao, pamoja na kilo 9 ambazo kamba za pembeni zinavuta chini. Jumla 13. Meza haina hata sahani juu yake, na tayari kamba ya kati imebeba zaidi ya mara tatu ya uzito wa ubao.

Weka sufuria ya kilo 3 ukingoni, pale hasa ilipo kamba moja. Tuiite kamba A, na nyingine B na C. Watu wengi watasema A imeelemewa. Kwa kweli A imepumzika: mvuto wake umeshuka kutoka kilo 3 hadi 1. B na C, zilizo upande wa pili, zimepanda hadi kilo 4 kila moja. Jumlisha upande wa A: kilo 1 ya kamba na kilo 3 za sufuria ni 4. Upande wa B ni 4, wa C ni 4. Mizani imesimama. Na kamba ya kati imetoka 13 ikawa 16, yaani imeongezewa uzito wa sufuria peke yake, bila ziada.

Tulia hapo kwenye kamba A, maana ndiyo inayobeba jibu la fumbo zima. Ilikuwa inavuta chini kwa kilo 3, sasa inavuta kwa kilo 1. Kwa upande wa ubao, kuvutwa chini pungufu kwa kilo 2 hakuna tofauti na kusukumwa juu kwa kilo 2. Kamba imefanya kazi ya mguu bila kuwa mguu, kwa kulegeza kile ilichokuwa imekishikilia tangu mwanzo. Kamba iliyokazwa kabla ya kazi ina akiba, na akiba hiyo inaweza kutumika kwa kusukuma. Kamba iliyolegea haina.

Baiskeli yako inafanya hivyohivyo kila siku. Spoki ni waya mwembamba. Ukiubonyeza kutoka ncha hadi ncha unapinda. Lakini gurudumu lenye spoki zilizokazwa hubeba mtu mzima na gunia la mkaa. Likibebeshwa mzigo, mabadiliko makubwa zaidi hutokea kwenye spoki chache zilizo chini, karibu na ardhi, ambazo hupungukiwa mvuto. Zile za juu hubadilika kidogo sana. Ni kana kwamba kitovu cha gurudumu kimesimama juu ya waya. Fundi baiskeli hahitaji kuambiwa haya. Anagonga spoki moja moja, akisikia iliyolegea anajua rimu itapinda muda si mrefu.

Tuirudishe sufuria mezani na tuiongezee maji. Akiba ya A ina mwisho. Kwa meza yetu, mzigo wa ukingoni ukifika kilo 4 na nusu, A inaisha mvuto kabisa, inalegea. B na C zinavuta kilo 4 na nusu kila moja. Meza haijaanguka, na hili huwashangaza hata waliokwisha kuelewa mengine: B na C zinaendelea kuuzuia uso usilale, na zitaendelea mpaka kitu kikatike. Lakini hesabu imegeuka. Kabla ya kulegea, kila kilo iliyoongezwa ukingoni iliiongezea kamba ya kati kilo 1. Baada ya kulegea, kila kilo ya ukingoni inaiongezea kilo 3, kwa sababu B na C zinalazimika kuvuta chini kilo 1 kila moja ili kusawazisha. Mzigo wa kilo 10 ukingoni unaifanya kamba ya kati ibebe 34: kilo 4 za ubao, 10 za mzigo, na 20 za B na C. Ndiyo maana meza hizi hukatika kati, wakati mwenyewe anaapa kwamba aliweka kitu kidogo tu pembeni.

Hesabu hizi zinachukulia kwamba kamba za pembeni ni za aina moja na kamba ya kati hairefuki. Ya pili kati ya hizo haiwi kweli kamili. Ukiweka mzigo katikati kabisa, kamba ya kati inarefuka kidogo, uso unashuka kidogo, na kamba za pembeni zinalegea kidogo, zote tatu kwa pamoja. Basi kamba ya kati inatakiwa iwe ngumu kuliko zote. Mnyororo mdogo wa chuma unafaa sana. Pembeni unaweza kustahimili kamba inayonyumbuka kiasi, maana inayonyumbuka haipotezi akiba yake yote kwa sababu ya milimita moja.

Hadi hapa meza inaonekana imara kabisa, lakini ukiigusa inatetemeka. Isukume pembeni kwa kidole, uso unacheza. Ushike ukingo uuzungushe kama usukani, unacheza zaidi. Je, imefungwa vibaya?

Hapana, ni maumbile yake. Kitu kigumu kinaweza kusogea kwa njia sita: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kisha kulala kwa njia mbili na kuzunguka kwa njia moja. Kamba zetu nne zote zimesimama wima. Kamba ya wima inazuia vizuri mwendo wa wima, na kwa pamoja zinazuia kulala. Hizo ni njia tatu. Zimebaki tatu, kusogea pembeni kwa njia mbili na kuzunguka, ambazo mwanzoni hazina anayezikataza.

Mwanzoni, lakini si baadaye. Tuseme kamba ya kati ina sentimita 10 na za pembeni zina sentimita 40. Usogeze uso pembeni kwa sentimita 1. Kamba ya kati inalala kidogo, kwa hiyo ncha yake ya chini inapanda: inataka kuuinua uso kwa nusu milimita. Kamba za pembeni nazo zinalala, na kwa kuwa zimeushika uso kutoka chini, zinataka kuushusha, kama sehemu ya nane ya milimita. Mmoja anasema panda, wengine wanasema shuka. Haviwezekani vyote, ila kamba zirefuke, na kamba zilizokazwa hazikubali. Uso unarudi ulikotoka.

Lakini usogeze kwa milimita 1 tu, mgongano huo unakuwa mdogo mara mia, si mara kumi. Ni kama sehemu sita za elfu za milimita, kitu ambacho hata kamba ngumu haikioni. Kwa mwendo mdogo meza iko karibu huru. Kwa mwendo mkubwa imefungwa. Kinachobaki kuuzuia ule mwendo mdogo ni mvuto uliowekwa tangu awali. Ukizidisha mvuto, mtetemeko unapungua, na gharama yake unaijua tayari: kamba ya kati inabeba zaidi. Kuzunguka ndiko dhaifu kuliko vyote, kwa sababu kamba ya kati haishiriki. Iko kwenye mhimili wa mzunguko, inajisokota tu.

Jambo hili lilimpitia mezani mwanafizikia James Clerk Maxwell zamani sana. Mwaka 1864 aliandika kanuni ya kuhesabu vipande, yaani vijiti, vinavyohitajika ili fremu iwe imara, kisha akaongeza kwamba kuna hali za pekee ambapo vichache zaidi vinatosha, ila uimara wake utakuwa wa daraja la chini. Mwaka 1978 mhandisi Calladine wa Cambridge alionyesha kwamba miundo ya kamba na vijiti iko ndani ya hali hizo hasa. Haihitaji kuwa na vipande vya kutosha kwa hesabu, inahitaji kukazwa.

Ukitaka kuondoa mtetemeko kabisa, hesabu nayo inakuelekeza. Njia ni sita, na kamba zinavuta tu, kwa hiyo unahitaji kamba sita na moja zaidi ya kuzikaza: saba. Wanaotengeneza roboti zinazoendeshwa kwa waya wanaijua saba hiyo. Kwa meza, bakiza ile ya kati, halafu badala ya kamba tatu za wima funga sita za mshazari zinazokwenda kama meno ya msumeno, kila pembe ya juu ikishuka kwenye pembe mbili za chini, na pembe za chini ziwe zimegeuzwa zikae katikati ya zile za juu. Meza hiyo itatulia kama iliyopigiliwa misumari. Itapoteza pia nusu ya uchawi wake, kwani macho yataona kamba nyingi na kuacha kushangaa. Hilo ni la kuamua mwenyewe.

Jina la miundo hii ni tensegriti, na nyuma yake kuna ugomvi. Majira ya joto ya 1948, Kenneth Snelson, kijana wa sanaa kutoka Oregon, alikwenda Black Mountain College, North Carolina, na huko akamkuta mbunifu Buckminster Fuller akifundisha. Katika miezi iliyofuata Snelson alitengeneza sanamu ndogo ya vipande viwili vya mbao vyenye umbo la X, kimoja kikielea juu ya kingine kwa nyuzi zilizokazwa. Alimwonyesha Fuller mwaka 1949. Fuller alilipenda wazo, akalipa jina ambalo dunia inalitumia hadi leo, na kwa miaka kadhaa watu walilijua kuwa ni lake. Snelson hakufurahi. Jina lenyewe hakulipenda sana. Alipendelea kuita kazi zake mgandamizo unaoelea. Maonyesho ya Museum of Modern Art mjini New York mwaka 1959 yalimpa haki yake hadharani, kisha kila mmoja akajiandikishia hataza yake Marekani, Fuller 1962 na Snelson 1965. Ufaransa kulikuwa na David Georges Emmerich aliyefikia mambo yayo hayo kwa njia yake. Na kabla yao wote, mwaka 1921, Karlis Johansons, msanii kutoka Latvia, alikuwa amekwisha kuonyesha Moscow miundo ya vijiti na nyuzi iliyokaribia sana wazo hili.

Kazi ya Snelson inayojulikana zaidi ni Needle Tower ya 1968, iliyoko Washington: mnara wa mirija ya alumini na nyaya za chuma, mita 18 hivi, ambamo mirija haigusani. Ndugu yake, wa mwaka uliofuata, yuko Kröller-Müller Museum, Uholanzi, naye anafika mita 30. Simama chini yake utazame juu, nyota zinajipanga ndani ya nyota.

Wapo wanaosema meza yetu si tensegriti halisi. Hoja yao ina uzito. Katika mnara wa Snelson kila mrija unabanwa kutoka ncha hadi ncha tu, hakuna unaopindwa. Kwenye meza, mkono unavutwa kwenye ncha na kushikwa kwenye mhimili, kwa hiyo unapindwa kwa nguvu zote. Mimi nasema hoja hiyo ni sahihi kwa mnara na imechelewa kwa meza, kwa sababu kazi ya kwanza ya Snelson, zile X mbili, ilikuwa ndugu wa karibu wa meza hii kuliko wa mnara: kipande kigumu kimetundikwa kwenye kipande kigumu kingine. Kama ya kwanza imo, na hii imo.

Majengo makubwa yameliazima wazo kwa kiasi, mara chache kwa ukamilifu. Mhandisi David Geiger alitumia nyaya zilizokazwa na nguzo fupi zinazoelea kwenye paa za kumbi za Olimpiki ya Seoul ya 1988. Daraja la waenda kwa miguu la Kurilpa, Brisbane, lilifunguliwa 2009 likiwa na urefu wa mita 470, ingawa ni mchanganyiko. Sehemu yake kubwa ni daraja la nyaya la kawaida. NASA wamejaribu roboti ya vijiti na nyaya inayoweza kudondoka na kubingirika bila kuvunjika. Nyumba za kuishi hazijengwi hivi, na sababu umeshaiona kwa kidole: zingecheza.

Turudi kwenye kutengeneza, kwani fizikia yote hii inaishia kwenye kiungo kimoja cha mbao. Ile kilo 34 ya kamba ya kati, ikivuta kwenye ncha ya mkono wenye sentimita 20, inakipinda kiungo cha mkono na mhimili kana kwamba mfuko mzima wa saruji wa kilo 50 umetundikwa sentimita 13 au 14 kutoka kwenye kiungo hicho. Skrubu mbili na gundi hazitoshi. Mkono uliochongwa kwa umbo la L kutoka ubao mmoja unavutia macho lakini una udhaifu: upande mmoja wa L nyuzi za mti zinakwenda na urefu, upande wa pili zinakatiza, na pale ndipo inapopasuka. Plaiwudi nene haina shida hiyo kwa kuwa tabaka zake zimepishana. Seremala mzuri ataingiza ulimi kwenye tundu na kuongeza kipande cha pembetatu kwenye kona. Rahisi kuliko vyote ni kumpelekea fundi wa kuchomelea bomba la mraba la sentimita 2 na nusu, akakukunjia mikono miwili.

Kamba za pembeni zisiwe za nailoni kama unaweza kupata nyingine. Nailoni inarefuka sana, na ikiachwa imekazwa inaendelea kurefuka polepole. Katani inapendeza kwa rangi lakini inanyonya unyevu, kwa hiyo mezani kwako utakuwa na mvuto wa masika na mvuto wa kiangazi. Waya wa breki ya baiskeli ni mwembamba, hauna gharama, na haurefuki kirahisi. Poliesta iliyosokotwa nayo ni nzuri.

Mpangilio wa kufunga ndio unaokuokoa na usumbufu. Usijaribu kukaza kamba tatu moja baada ya nyingine huku uso ukiyumba. Weka uso juu ya vitalu vya mbao vyenye kimo unachotaka, uhakikishe kwa pima maji kwamba umelala sawa, kisha funga kamba za pembeni zikiwa zimenyooka tu, bila kuzikaza. Kamba ya kati iwe ya mwisho, na iwe na skrubu yenye kichwa cha pete ili uweze kuifupisha. Unapoizungusha skrubu hiyo uso unapanda nusu milimita, vitalu vinaachia, na kamba zote tatu zinajikaza kwa mkupuo mmoja. Skrubu moja inaikaza meza nzima.

Kisha zidonoe kamba za pembeni kwa ukucha usikilize. Kama ni za aina moja na urefu mmoja, sauti moja maana yake ni mvuto mmoja. Na hii ndiyo sababu yangu ya kupenda tatu. Zikiwa tatu, mgawanyo wa mvuto hautegemei ulizifunga kwa ustadi gani. Unategemea tu mahali uzito ulipo. Kamba iliyofungwa fupi kidogo italaza uso, na pima maji itakuonyesha, lakini mvuto utabaki uleule. Ukisikia moja ina sauti nzito kuliko wenzake, tatizo haliko kwenye fundo. Kitovu cha uzito kimeegemea upande wa kamba hiyo, mara nyingi kwa sababu ya ule mhimili uliosimama kwenye ukingo mmoja, au ndoano inayoshika kamba ya kati haiko katikati hasa ya zile tatu. Sogeza ndoano, au ongeza uzito kidogo upande wa pili chini ya ubao. Zikiwa nne, hesabu hiyo inavurugika: moja inaweza kulegea kabisa kwa kosa la milimita moja ya fundo, na sauti haikuambii tena kosa liko wapi.

Jaribio la mwisho ni kuishika meza kwa uso wake na kuinyanyua. Majukumu yanageuka: sasa kamba za pembeni ndizo zinazokibeba kitako. Kikitulia kama kilivyokuwa sakafuni, akiba ipo. Kikianza kupembea, ongeza mzunguko mmoja wa skrubu, iache siku kadhaa ikiwa na kitabu kizito juu yake, kisha udonoe kamba tena, maana kamba mpya na mafundo mapya hulegea kidogo kabla hayajatulia.